Damu Haifuki Moshi

Kuna maneno matatu yanayofunga kesi nyingi za kifua huku Ishiara: "Ni ya ukoo." Mama wa miaka hamsini na kitu anateremka kwenye boda boda mbele ya zahanati, anasimama kutafuta pumzi kabla ya kupanda ngazi mbili za mlangoni. Anaulizwa amekohoa tangu lini. Anaulizwa kama mama yake naye alikuwa hivi. Akisema ndiyo, na nyanya pia, kalamu inatulia mezani. Anaandikiwa dawa ya maji ya kikohozi na vidonge vichache vya salbutamoli, kisha anarudi nyumbani kwenye mafiga yale yale yaliyomfikisha pale.

Kanisani wanasema hivyo hivyo. Sokoni, kati ya mbuzi na magunia ya ndengu, utayasikia tena. Wazee wengine huongeza kirumi, ile laana ya mzazi aliyekufa na kinyongo. Na tangu elimu ya jeni ianze kusikika redioni, ukoo umenunuliwa suti mpya: siku hizi wenye shahada wanasema "ni DNA" na kukunja mikono.

Huo ni uongo wa nusu. Uongo mzima ungekuwa nafuu, maana ungeubomoa kwa swali moja. Huu una ukweli ndani yake, na ukweli huo umegeuzwa kinga ya watu wanaolipwa mishahara kutulinda.

Tazama boma lolote la kawaida huku Mbeere Kaskazini. Mama mkwe anakohoa. Mke wa mwanawe wa kwanza, aliyeolewa kutoka Tharaka, anakohoa. Mke wa mwana wa pili alitoka Ukambani, ng'ambo ya Tana, akaja na kifua safi; leo naye huamka usiku kukaa wima kitandani. Wanawake hawa watatu hawana nyanya wa pamoja wanayeweza kumtaja. Wana jiko la pamoja, lenye tundu moja dogo karibu na paa na mlango unaofungwa mbuzi wasiingie. Ndugu wawili waliowaoa, waliozaliwa tumbo moja, wamekaa chini ya mgunga wakisubiri chakula, na wakicheka wanacheka hadi mwisho bila kukohoa, isipokuwa kama mmoja wao ni mchoma makaa. Ni ukoo gani huu unaorithiwa na wakwe na kuwaruka wana?

Msichana wa huku hurithi mapafu ya mamake, sawa. Pia hurithi mafiga yake, tangu siku anapoweza kushika mwiko. Urithi wa pili hauhitaji maabara kuuona, na ndiyo maana hakuna anayetaka kuutazama.

Sasa tuje kwenye jeni zenyewe, kwa sababu zipo na zina nguvu. Mwaka 1963, mjini Malmö kule Uswidi, mtaalamu wa maabara Carl-Bertil Laurell alikuwa akipitia karatasi za kutenganisha protini za damu za wagonjwa wapatao 1,500. Katika tano kati ya hizo aliona mstari mmoja haupo. Daktari kijana, Sten Eriksson, alifuatilia pamoja naye wenye damu hizo, na watatu kati ya hao watano walikuwa na mapafu yaliyokwisha kuharibika. Protini iliyokosekana ndiyo alfa-1 antitripsini. Chembe nyeupe za damu zinapokimbilia mapafuni kupambana na vijidudu au uchafu wa moshi, hutoa kimeng'enya kikali cha kuyeyusha adui. Kimeng'enya hicho hakichagui. Kisipozuiwa huyeyusha pia kuta laini za vifuko vya hewa, na ukuta wa kifuko cha hewa ukishaondoka haurudi. Alfa-1 antitripsini ndiyo kizuizi. Mtu aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili jeni yenye kasoro iitwayo Z hutengeneza kizuizi kilichopinda, kinachokwama kwenye ini, na damuni hufika sehemu ndogo tu ya kile kinachohitajika.

Hapo ndipo mashabiki wa ukoo hufunga kitabu. Wangesoma ukurasa unaofuata, wangekuta jambo linalowaumbua. Chukua watu wawili wenye Z mbili kila mmoja, mmoja mvutaji sigara na mwingine asiyevuta. Mvutaji mara nyingi huanza kuishiwa na pumzi akiwa na miaka thelathini au arubaini. Asiyevuta anaweza kuzeeka akiwa na mapafu ya kumtosha. Jeni ni ile ile, herufi kwa herufi. Yaani hata katika ugonjwa huu wa mapafu ambao ni wa kurithi kabisa, moshi huamua kwa kiasi kikubwa nani aumwe sana na nani aumwe kidogo.

Na hiyo Z ni ya watu wa Ulaya ya kaskazini hasa. Kwa Waafrika weusi ni adimu mno. Kwa hiyo anayemwambia mama wa Ishiara kwamba kifua chake ni cha DNA hawezi kuwa anazungumza juu ya jeni hiyo maarufu. Anazungumza juu ya nini, basi? Mwulize. Ataanza kutafuta funguo za pikipiki.

Nitamsaidia jibu. Ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule ambao madaktari huuita COPD, kwa watu wengi hautokani na jeni moja. Mwaka 2019 kundi la watafiti lililotumia hazina ya UK Biobank na tafiti nyingine liliwapima watu wapatao 400,000, likapata sehemu 279 kwenye DNA zinazohusiana na nguvu ya kupumua. Kila sehemu peke yake husogeza mambo kidogo sana. Zikijumlishwa, mtu aliye kwenye fungu la kumi lenye mzigo mkubwa kuliko wote alikuwa na uwezekano wa kupata COPD zaidi ya mara nne ya yule wa fungu la chini kabisa. Kadhaa kati ya jeni hizi hazihusu moshi hata kidogo. Zinahusu jinsi pafu lilivyojengwa tumboni mwa mama, mirija ilivyogawanyika, na upana iliopewa. Mwaka 2020 Benjamin Smith na wenzake walionyesha kwamba watu ambao mirija yao ya hewa ni myembamba kulinganisha na ukubwa wa mapafu yao huugua COPD zaidi, hata kama hawajawahi kuvuta sigara. Huenda mtu kama huyo alizaliwa hivyo. Hakuna anayemjua, yeye mwenyewe hajijui, na amepangiwa zamu ya kupika kama wengine.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo, na nataka isomwe polepole na kila mwenye ofisi Embu, Kathwana na Meru. Tofauti za jeni haziipi serikali udhuru. Zinainyang'anya. Kama ingekuwa kweli kwamba mapafu yote yanalingana, mtu angeweza kujitetea kwamba kiasi fulani cha moshi kinavumilika, kwamba bibi zetu walipika kwa kuni na wakaona vitukuu. Lakini sayansi imetuambia kwamba katika kila kijiji wapo waliozaliwa na mirija myembamba na kinga dhaifu, na hatuwezi kuwatambua kwa macho. Ukishajua hilo na bado ukaacha kila jiko lifuke, umewachagua hao wafe. Hukuwataja majina, lakini umewachagua. Anayetunga sera kwa kipimo cha pafu la wastani anajenga daraja la mto Thuci kwa kipimo cha maji ya Agosti, wakati wa kiangazi.

Na yule bibi aliyeona vitukuu, tafadhali, tuacheni kumtoa ushahidi. Yeye ndiye aliyebaki. Wenzake waliokufa wakiwa na miaka arubaini na mitano hawaji kwenye mikutano ya machifu kusimulia.

Kiasi chenyewe cha moshi si cha kubahatisha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kikomo chake cha vumbi laini la hewani hadi wastani wa maikrogramu 5 kwa mwaka kwa kila mita ya ujazo. Kwenye jiko la mafiga ndani ya chumba kilichofungwa, mamia ni jambo la kawaida, na wakati wa kuwasha au kuchochea kuni hupanda hadi maelfu. Wakenya hatuwezi kusema hatukuambiwa. Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia kaya 55, watu 345, katika ranchi ya Mpala huko Laikipia, na mwaka 2001 wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet: kadiri mtu alivyovuta moshi zaidi wa kuni na makaa, ndivyo alivyougua njia ya hewa mara nyingi zaidi, na wanawake walivuta mwingi kupita wanaume kwa sababu wao ndio wanaoinamia moto. Laikipia ni upande wa pili wa Mlima Kenya. Tangu wakati huo watoto wachanga wamekua wakawa wazazi, na mafiga hayajatikisika.

Majirani zetu wa Uganda walikwenda mbele zaidi. Kule Masindi, watafiti waliwapima kwa spirometa, kifaa cha kupima pumzi, wanavijiji wenye umri wa kuanzia miaka 30, karibu wote wakiishi na moshi wa kuni. Matokeo ya mwaka 2015: asilimia 16.2 walikuwa na COPD, na karibu wanne kati ya kila kumi wa wagonjwa hao walikuwa na miaka thelathini na kitu tu. Vitabu vya kigeni vilikuwa vikitufundisha kwamba huu ni ugonjwa wa wazee wavuta sigara. Kwa hiyo daktari aliyesoma vitabu hivyo akimwona mama wa miaka 36 asiyevuta sigara, akili yake inaruka moja kwa moja hadi kwenye ukoo.

Narudi kwenye zile sehemu 279, kwa sababu kuna dharau imefichwa mle. Wale watu wapatao 400,000 walikuwa wa asili ya Ulaya. Si utafiti huo tu. Mwaka 2019 Giorgio Sirugo, Scott Williams na Sarah Tishkoff walihesabu washiriki wa tafiti za aina hii duniani, wakakuta asilimia 78 ni wa asili ya Ulaya, 10 ni wa Asia, na Waafrika ni 2. Mwaka huo huo Alicia Martin na wenzake walionyesha kwamba alama za hatari zinazokokotolewa kwa jeni za Wazungu hupungua usahihi takribani mara nne na nusu zikitumiwa kwa watu wa asili ya Afrika. Sisi ndio wenye tofauti nyingi za jeni kuliko binadamu wengine wote; mpango wa H3Africa ulipochapisha mwaka 2020 jenomu za Waafrika 426 kutoka makundi 50 ya lugha, zilitoka tofauti zaidi ya milioni tatu ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Watu 426 tu! Katika soko moja la Ishiara, Mmbeere, Mtharaka, Mchuka, Muembu na Mkamba wakigombania bei ya kunde, pengine kuna habari za mapafu ambazo hazimo kwenye hazina yoyote ya Ulaya. Nani amekuja kuziuliza?

Mara ile wanasayansi walipotukumbuka, walitukumbuka vibaya. Mwaka 1846 John Hutchinson wa London alitangaza spirometa yake, baada ya kupima pumzi za watu zaidi ya elfu mbili. Kifaa kizuri. Muda si muda kikafika mikononi mwa Samuel Cartwright, daktari wa Louisiana aliyewatetea wenye watumwa, yule aliyebuni hata jina la ugonjwa kwa mtumwa anayetoroka. Huyu alidai kwamba mapafu ya watu weusi yana upungufu wa asilimia 20 na kwamba kazi ya shambani ndiyo dawa yao. Mtaniambia hayo ni ya karne ya kumi na tisa. Haya, basi: fomula za kimataifa za spirometa za mwaka 2012 zilikuwa bado na safu ya rangi, na kwa mtu mweusi kipimo cha pafu zima kilishushwa kwa takribani asilimia 15, kwa kutegemea zaidi takwimu za Wamarekani weusi. Maana yake, mama mweusi na mama mweupe wakipuliza pumzi ile ile, mweupe aliambiwa mgonjwa na mweusi aliambiwa ndivyo mlivyoumbwa. Mpaka mwaka 2023 ndipo chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilipopendekeza fomula moja kwa wote.

Hiyo ndiyo "ni ya ukoo" iliyovaa koti jeupe. Njaa ya utotoni, kifua kikuu kilichochelewa kutibiwa, nimonia kabla ya miaka miwili, moshi wa tangu tumboni: vyote hivyo hupunguza ukubwa wa pafu. Watunga fomula wakavijumlisha, wakaviita rangi, wakavitoa kwenye hesabu ili visionekane. Ajabu ni kwamba mashine nyingi zilizokwisha kuuzwa zina fomula za zamani hadi leo, na muuguzi akibonyeza "Mwafrika" kwenye orodha hajui amebonyeza nini.

Tusidhani dhambi hii ni ya Wazungu peke yao. Nairobi, utafiti uitwao Tupumue uliwapima watoto wa shule zaidi ya 2,300 katika mitaa miwili inayokaribiana, Mukuru ya mabati na Buruburu ya nyumba za mawe. Pumzi zao zilipopimwa kwa spirometa hazikutofautiana. Lakini wa Mukuru walikuwa na mlio wa kifua zaidi, asilimia 9.5 dhidi ya 6.4, na dalili zao zilikuwa kali zaidi. Sasa, ni wangapi walikuwa wameambiwa na daktari kwamba wana pumu? Buruburu asilimia 2.8. Mukuru 1.2. Wanaoumwa zaidi ndio wasio na jina la ugonjwa wao. Jeni gani hiyo inayojua mpaka wa Mukuru na Buruburu? Na kama hali ni hiyo Nairobi, kwenye hospitali kuu na maprofesa, fikiria mtoto wa Kanyuambora.

Spirometa ni adimu nje ya hospitali kubwa za nchi hii. Si mashine ya kutisha. Nyingine hutoshea kwenye mkoba wa mkononi. Bila hiyo, "ukali wa ugonjwa" ni maneno ya kubahatisha, na anayezungumza juu ya jinsi jeni zinavyoathiri ukali huo anajenga ghorofa juu ya hewa. Mgonjwa hupewa dawa ya kifua kikuu ingawa makohozi hayakuonyesha vijidudu. Aliyepona kifua kikuu kweli huambiwa amepona, basi, hata kama kimemwachia makovu na nusu ya pumzi. Akirudi akihema, anatafutiwa kifua kikuu tena. Mwenye pumu anameza vidonge vya salbutamoli vinavyomfanya atetemeke, au akibahatika anapewa inhela ya buluu peke yake, ilhali tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu inasema mtu mzima asiachwe na hiyo tu bila dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe wa mirija. Kila mwezi asilimia 2.75 ya mshahara inakatwa kwa ajili ya bima mpya ya SHA. Dawa ya kuvuta bado inatafutwa kwenye duka la dawa kwa fedha taslimu.

Kuna watakaoniambia kwamba enzi ya tiba zinazotokana na sayansi ya jeni inakuja na itatuokoa. Inakuja, kweli. Jeni ya saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi wa mapafu, ilipatikana mwaka 1989, na mwaka 2019 Marekani iliidhinisha Trikafta, dawa iliyowarudishia wagonjwa wengi pumzi waliyokuwa wamekata tamaa nayo. Bei yake ilipoingia sokoni ilikuwa zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja, yapata shilingi milioni 40 kwa kiwango cha leo cha kubadilisha fedha. Tena imetengenezwa kwa ajili ya mabadiliko ya jeni yaliyo mengi kwa Wazungu. Mabadiliko yanayoonekana zaidi kwa Waafrika weusi wenye ugonjwa huo, yaliyogunduliwa sana Afrika Kusini, hupitwa na vipimo vya bei nafuu vilivyoundwa kutafuta yale ya Ulaya. Mtoto wa Kiafrika mwenye ugonjwa huo hufa akiitwa mwenye utapiamlo, au kifua kikuu sugu. Sipingi tiba hizo. Nazitaka. Lakini atakayeniahidi dawa ya milioni 40 huku hajaniletea inhela ananifanyia mzaha.

Utafiti wa jeni zetu nautaka pia, na mapema. Waje, wapime, lakini wapime moshi wa jikoni pamoja na damu, kwa mtu yule yule, siku ile ile, kwa sababu nusu moja bila nyingine haielezi kitu. Wajue vilevile kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeziweka taarifa za jeni katika kundi la taarifa nyeti. Idhini isomwe kwa lugha anayoota nayo mwenye damu, na majibu yarudi kwake. Tumechoka kuchangia mate kwenye vichupa na kuona majina ya wengine kwenye majarida.

Sasa kwenu viongozi wetu, na hapa sitapunguza sauti.

Zaidi ya nusu ya kaya za Kenya hupika kwa kuni. Mnalijua hilo, sensa ni yenu. Julai 2021 serikali ilirudisha kodi ya VAT ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia, kana kwamba mama anayehama kutoka kwenye kuni amefanya kosa linalostahili faini. Ikashushwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, ikaondolewa mwaka 2023. Kabla ya hapo kulikuwa na mradi wa mitungi ya Gas Yetu kwa maskini, uliokwama kwenye mitungi mibovu. Wabunge wetu walikuwepo miaka yote hiyo. Nitajieni mmoja wa kutoka huku aliyesimama kupinga kodi ile kwa jina la mapafu ya waliompigia kura.

Msinijibu kwa picha za majiko bora mnayogawa karibu na uchaguzi. Malawi walijaribu kwa uaminifu kuliko nyinyi: utafiti mkubwa uliohusisha watoto zaidi ya 10,000, nusu ya familia zikapewa majiko yanayounguza kuni vizuri zaidi. Majibu yalichapishwa mwaka 2017. Nimonia ya watoto haikupungua. Jiko linalopunguza moshi bado ni jiko la moshi, na nje ya nyumba takataka zinachomwa, na jirani anachoma mkaa kwenye tanuri. Kinachotakiwa ni gesi au umeme wa bei ambayo muuza ndengu anaimudu mwezi wa Julai, baada ya mavuno, na pia mwezi wa Oktoba, ghala likiwa tupu. Na mchoma makaa wa Mbeere, anayelala kando ya tanuri usiku kucha ili Thika na Nairobi wapike, atafutiwe kazi nyingine kabla ya kufukuzwa msituni. Marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018 ilimfukuza tu, kazi hakupewa.

Msiniambie pia kwamba Embu haina uwezo wa kupigania jambo. Nimeona uwezo huo kwa macho yangu. Mei 2024, Mombasa ilipopiga marufuku muguka, majani ya kutafuna yanayolimwa huku, na Kilifi ikafuata, viongozi wetu hawakusema hayo ni mambo ya ukoo. Gavana, wabunge, wawakilishi wadi, wakulima: ndani ya siku chache walikuwa Ikulu, na Rais akatangaza kwamba marufuku hizo ni batili. Kilio kilikuwa cha haki kwa mkulima wa hapa, ambaye ada ya shule ya watoto wake hutoka kwenye majani hayo, na simlaumu. Nimejifunza tu kasi ya magari yetu.

Basi nauliza, na waziri wa afya wa kaunti anijibu kwenye kikao cha maoni ya bajeti, mbele ya watu: spirometa kwa kila hospitali ya ngazi ya 4 na mtu aliyefundishwa kuitumia, inhela za kuzuia uvimbe zisizokatika kwenye stoo, na ujumbe wa kaunti kwenda Nairobi kudai ruzuku ya gesi kwa maeneo kame. Ujumbe huo utaondoka lini, na nani ameandikiwa kulipia mafuta?